Nambari Nyekundu Jikoni

Mwaka 1859 mjini London, John Tyndall alianza kuonyesha kwamba gesi zisizoonekana, kama hewa ya ukaa, zinameza joto linalopita ndani yake. Kutokana na jambo hilo, leo rafiki yangu fundi ana kimrija cha plastiki chenye taa ndogo upande mmoja na kipokezi upande wa pili. Taa inatoa mwanga ambao jicho halioni, wa mikromita 4.3 hivi. Kaboni dayoksaidi ikiingia humo inaumeza, kipokezi kinapata mwanga kidogo, nambari inapanda. Basi, ndiyo hiyo tu. Kifaa kinatosha kiganjani.

Nilikiazima, nikakipeleka kwa bibi yangu Kyerwa, wilaya iliyotengwa na Karagwe mwaka 2012. Anapika kwa mafiga matatu, na kikohozi chake nakijua kuliko ninavyoijua sauti yake ya kuimba.

"Mjukuu wangu," akaniambia, "moshi si unauona? Unaupimia nini?"

Sikuwa na jibu la maana, nikakiweka kwenye kishubaka cha ukuta. Nje kilikuwa kimesoma karibu 420, yaani sehemu 420 katika milioni, kama hewa ya kawaida duniani. Ndani, maharagwe yakitokota na mlango umefungwa kuzuia mbuzi, ilivuka 2,000 nikaacha kuangalia. Akafungua mlango, nambari ikaanza kushuka. Hapo ndipo alipokisogelea. Akafunga tena makusudi, akafungua, akacheka. Moshi ameuona maisha yake yote, lakini kuuona ukimtii ilikuwa jambo jipya.

Tatizo ni kwamba gesi inayopimika kwa urahisi siyo inayoua. Kaboni monoksaidi, ile ya jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku wa baridi (na Karagwe baridi ipo, msidanganywe na ramani ya tropiki), inameza mwanga wa mikromita 4.7 hivi, tena kwa udhaifu. Mwongozo wa WHO wa 2021 unataka wastani wa saa 24 usizidi miligramu 4 kwa mita ya ujazo, yaani kama sehemu tatu na nusu katika milioni. Kimrija cha bei rahisi hakioni kitu kidogo hivyo. Kwa gesi hiyo watu hutumia seli ya kikemia, ambayo nayo huchoka ikabadilishwa. Halafu kuna masizi na mvuke, vinavyotia ukungu kwenye kioo cha ndani. Siku ya tatu kifaa chetu kilikuwa kinasoma ovyo.

Kampala, AirQo ya Chuo Kikuu cha Makerere wanapima vumbi la hewa kwa vifaa vya bei nafuu, vingine wamevifunga kwenye bodaboda. Kazi nzuri, lakini ni hewa ya barabarani. Mkakati wetu wa taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mtungi wa gesi ukifika kwa bibi nitafurahi. Kwa sasa, rafiki yangu anajaribu kuziba kimrija kwa kitambaa kinachopitisha hewa na kuzuia masizi, na bibi ameagiza dirisha la jikoni lipanuliwe. Fundi wa matofali anamdai nusu ya pesa.