Machozi ya N'Sele yalivyotufikia Sange

Jumanne ya tarehe 24 Aprili 1990 Rais Mobutu wa Zaire, Kongo ya leo, alihutubia taifa kutoka N'Sele, nje kidogo ya Kinshasa, palepale ilipotangazwa ilani ya MPR, chama chake kilichokuwa cha pekee nchini, mwaka 1967. Sisi wa Sange, huku bonde la Ruzizi, tulijazana barazani kwa jirani mwenye redio. Mawe ya redio yalikuwa yameanikwa juani tangu asubuhi ili yapate nguvu. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, basi wazee na akina mama waliotoka shambani walinitegemea niwageuzie Kifaransa cha Rais kwa Kiswahili.

Mwanzoni kazi ilikuwa nyepesi. Mobutu aliwahi kuwa mwandishi wa habari, na hotuba zake za kusoma zilikuwa zimenyooka. Alitaja hesabu: wananchi walikuwa wameandika maoni 6,128, na kati yake 5,310 yalitaka mfumo uliokuwapo urekebishwe, 818 tu yakataka vyama vingi. Hata hivyo, akasema, ataruhusu vyama vitatu. Hesabu hizo zilipangwa kwa ustadi: mageuzi yakaonekana zawadi yake, si dai letu. Akaruhusu na tai, iliyokuwa imekatazwa, ila yeye mwenyewe angebaki na abakosi yake, koti lisilovaliwa na tai. Barazani vigelegele vilipaa mpaka nikashindwa kusikia vizuri.

Kisha akafika pa kuaga uongozi wa MPR. Sauti ikamkwama kooni. Mwenye redio akanyoosha mkono kuigonga, akidhani mawe yamekwisha. Ndipo likaja lile neno ambalo Kongo nzima inalikumbuka: "Comprenez mon émotion." Alikuwa anatuomba tuuelewe uchungu wake. Kabla sijafungua kinywa, bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango, asiyejua Kifaransa hata kidogo, akaniuliza: "Mwalimu, huyu analia. Amefiwa na nani?"

Nilikosa jibu siku ile. Leo ninalo. Aliposoma habari za malalamiko ya wananchi, sauti yake haikutetereka. Ilivunjika alipoachana na chama chake. Kurasa zilizoandaliwa zilitupa ahadi; pale alipoziacha kidogo, alituonyesha moyo wake ulikuwa upande gani. Naamini machozi yale yalikuwa ya kweli kabisa, na ndiyo maana yanafaa kuchunguzwa.

Tarehe 3 Mei akarudi mbele ya wabunge, safari hii kwa sauti kavu, akafafanua kwamba mamlaka ya Mkuu wa Nchi hayajaguswa. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walivamiwa mabwenini. Mkutano Mkuu wa Taifa wa kujadili mageuzi ulingoja hadi Agosti 1991, naye Mobutu aliendelea kutawala hadi Mei 1997, baada ya vita iliyopitia hapa kwetu katika bonde la Ruzizi.

Sasa vijana wa Sange hunionyesha kipande kile kwenye simu: mzee anavua miwani, anafuta macho. Baadhi yao humhurumia, na wengine husema kumbe alikuwa mzalendo. Siwakatazi kumhurumia. Nawaomba tu watafute na hotuba ya tarehe 3 Mei, ile isiyo na machozi, waisikilize yote, ndipo tuzungumze.