Dawa za Mama na Mwezi wa Ramadhani

Mtaani kwetu, wamwonapo mama akitetemeka mkono wa kulia, wengi husema ni uzee. Wengine wametuletea kombe na mafuta ya habasoda, nasi tumepokea kwa shukrani. Lakini maradhi yake yana jina. Ni Parkinson, jina la tabibu wa London aliyeyaeleza mwaka 1817. Ndani ya ubongo, chembe zinazotengeneza dopamini hufa kidogo kidogo, na bila dopamini viungo huchelewa kutii.

Nilimwuliza daktari kwa nini asipewe dopamini yenyewe. Alinijibu kwamba baina ya damu na ubongo pana kizuizi, na dopamini haikivuki. Ivukayo ni levodopa, ambayo ikishaingia hugeuzwa kuwa dopamini. Taabu ni kwamba mwili huigeuza sehemu kubwa njiani, na mgonjwa akaambulia kichefuchefu. Kwa hivyo katika tembe hiyo hiyo hutiwa kabidopa, isiyoingia ubongoni. Kazi yake ni kuihifadhi levodopa safarini. Mama aliposikia alicheka. "Kumbe ni mpambe! Humfikisha bi harusi mlangoni, yeye akabaki nje."

Miaka ikapita, nguvu ya tembe ikawa inakwisha kabla ya saa ya tembe ya pili. Hapo akaongezewa selejilini, inayochelewesha kuvunjwa kwa dopamini ndani ya ubongo. Shangazi alilalamika kwamba dawa zimekuwa nyingi mno. Mimi sioni wingi, kwani kila moja ina mlango wake inaoulinda. Hatari ni kuchanganya bila kuuliza. Selejilini haipatani na tramadoli, dawa ya maumivu. Na metoklopramidi, inayotolewa sana kwa kutapika, huzidisha maradhi haya. Orodha ya dawa za mama hukaa mkobani mwangu kila tuendapo dukani.

Hata chakula kina hesabu yake. Nyama, samaki na maharagwe hushindana na levodopa kuingia mwilini, basi humeza nusu saa kabla ya kula.

Lililomliza ni saumu. Humeza mara 4 kwa siku, na toka alfajiri hadi magharibi ni zaidi ya saa 13. Mwaka jana alifunga kwa siri siku mbili. Ya tatu hakuweza kujigeuza kitandani. Daktari alitueleza kwamba kuikata levodopa ghafla kwaweza kuleta homa kali na kukakamaa kwa misuli, hata kuhatarisha maisha. Shekhe wetu naye alimjia nyumbani, akamsomea aya ya mgonjwa na fidia katika Suratul Baqara. Mama alinyamaza kitambo, kisha akauliza kibaba ni kiasi gani.

Mwaka huu mchele wa fidia aliupima mwenyewe, kila siku baada ya tembe ya adhuhuri, mkono unapotulia.