Avansi ni Amana



Mambo mengi hupima neno la mtu, lakini ujenzi hulipima hadharani. Neno la mwashi husimama mbele ya macho ya majirani wote, na mvua ya kwanza hulihukumu. Safari hii nawaandikia juu ya vyumba viwili tulivyoongeza nyumbani kwetu, hapa Kasongo. Wengi wenu mnajifunza ufundi, na wengine mmekwisha kubeba matofali ya watu bila kuuona ujira wenu.

Hatukujenga kwa kupenda ukubwa. Shemeji yangu alifika na watoto wanne kutoka upande wa Kabambare, wakikimbia milio ya bunduki, kama zilivyokimbia jamaa nyingi za huko. Watoto walilala sebuleni juu ya mikeka, na kila alfajiri tuliikunja ili watu wapate pa kupita. Kwetu kiangazi ni mwezi wa sita hadi wa nane; mwezi wa tisa mvua hurudi. Nafasi ya kujenga ilikuwa hiyo tu.

Matofali tulikuwa tumekwisha kuyachoma. Saruji, mchanga, misumari na mabati nilinunua mwenyewe. Na fundi tuliandikiana karatasi mbele ya mashahidi wawili: dola 450 kwa kazi ya mikono, ukiwamo ujira wa wasaidizi wake, zilipwe mara tatu. Dola 150 kabla ya kuanza, 150 kuta zikifika kwenye linta, na 150 paa likimalizika. Avansi ile ya kwanza niliitoa siku ileile, naye akatia sahihi.

Majuma mawili ya kwanza kazi ilikwenda vema. Msingi ulichimbwa hadi udongo mgumu, mawe yakapangwa, kuta zikafika kwenye madirisha. Kisha ikaanza kesho. “Mwalimu, tuvumiliane, kesho asubuhi niko hapo.” Kesho ikazaa kesho nyingine. Siku moja ana kilio, siku ya pili baiskeli imeharibika, siku ya tatu simu haipatikani. Baadaye tukasikia ameonekana Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu. Majuma matatu ukuta ulisimama nusu, mbuzi wa jirani wakipanda juu yake, nasi tukihesabu siku zilizobaki za kiangazi.

Alirudi katikati ya mwezi wa nane akiwa na haraka kubwa. Kwa siku tano, yeye na wasaidizi walewale, vijana wawili wa parokia yetu, walizipandisha kuta hadi linta. Nilipoukwaruza mchanganyiko kwa msumari, ulimwagika kama unga. Saruji ilikuwa kidogo mno. Na palikuwa na jambo zito zaidi. Katika kuongeza nyumba, mahali pa hatari ni pale ukuta mpya unapokutana na ule wa zamani. Nyumba ya zamani imekwisha kushuka na kutulia; msingi mpya bado utashuka kidogo. Kwa hiyo mwashi mwangalifu huchimba nafasi katika ukuta wa zamani, mstari mmoja aingize tofali, mstari mwingine aache, ili kuta zishikane kama meno. Au huacha mwanya ulionyooka kwa makusudi, kila ukuta usimame kwa nguvu zake. Fundi wetu hakufanya hili wala lile. Aliegemeza ukuta mpya kwenye wa zamani, akapaka plasta juu ya maungio. Kwa macho ilipendeza. Jioni akaomba dola zake 150.

Jioni hiyohiyo wale vijana wawili walikuja nyumbani. “Baba Mwalimu, tumefanya siku ishirini na mbili kila mmoja. Fundi anasema wewe ndiye hujatoa pesa.” Hapo ndipo niliposikia uchungu kweli. Ukuta uliopinda huvunjwa ukajengwa upya. Lakini mkatekista anayesemwa mtaani kwamba anakula jasho la watoto wa watu, atasimama kufundisha nini siku ya Dominika? Niliwaonyesha karatasi yenye sahihi. Walinyamaza. Mmoja wao alikuwa akiutegemea ujira ule kwa karo ya shule ya mwezi wa tisa.

Injili ya Mathayo, sura ya 18, inatupa utaratibu wa kumwendea ndugu aliyekukosea: kwanza wewe na yeye peke yenu, kisha pamoja na mmoja au wawili, na mwishowe mbele ya kanisa. Niliufuata. Kesho yake nilikwenda peke yangu. Alinijibu nimpe kwanza zile 150, ndipo tuzungumze. Mara ya pili nilikwenda na shahidi mmoja wa karatasi yetu, pamoja na mzee mmoja aliyefanya uashi miaka mingi, tukamwomba fundi tufuatane hadi kwenye kazi yenyewe. Mzee hakusema mengi. Aliteremsha timazi kwenye pembe akatuacha tutazame: juu, ukuta ulikuwa umetoka nje kwa upana wa vidole viwili. Akagonga maungio kwa nyundo, na plasta ikaanguka kipande kimoja. Nabii Ezekieli, katika sura ya 13, anawakemea wanaopaka chokaa ukuta dhaifu, ambao mvua itauangusha. Sura hiyo nimeifundisha mara nyingi. Siku hiyo tuliitazama kwa macho.

Ndipo fundi akasema kweli. Avansi yangu alikuwa ameimalizia nyumba ya mtu mwingine. Avansi ya mtu huyo ilikuwa imelipa matibabu ya mtoto wake. Salamabila alikwenda kutafuta cha kuziba pengo, akarudi mikono mitupu. Na zile dola 150 alizokuwa akizidai alikuwa amekwisha kumwahidi mwenye duka anayemdai. Hivyo kila nyumba ilijengwa kwa fedha ya nyumba inayofuata, na siku atakapokosa nyumba inayofuata, yote yataanguka pamoja.

Sikuyasikia hayo bila huruma. Mafundi wetu wengi hawana akiba wala benki ya kuwakopesha. Mwiko na timazi ndio mtaji wao wote, na mtoto mgonjwa hangoji. Lakini huruma haibadilishi mali ni ya nani. Fedha ya kazi ambayo haijafanywa ni amana. Iko mfukoni mwa fundi, lakini haijawa yake. Kama angekuja kuniambia, “Mwalimu, mtoto anaumwa, niazime,” tungetafuta pamoja, kwa kuwa hiyo ni haki ya udugu. Akiichukua kimya, amewakopa watu wasiojua kwamba wanakopesha: mwenye nyumba, na zaidi wale vijana wasio hata na karatasi.

Upande wa pili nao una sheria yake: fedha ya kazi iliyokwisha kufanywa ni deni. Kumbukumbu la Sheria, sura ya 24, yaagiza kibarua maskini apewe ujira wake siku ileile kabla jua halijatua. Mtume Yakobo, katika sura ya 5, asema ujira uliozuiwa wapiga kelele. Papa Leo wa XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alikumbusha tena kwamba kumdhulumu mfanyakazi ujira wake ni kosa kubwa. Kwa karatasi yetu, vijana wale walimdai fundi, hawakunidai mimi. Lakini siku ishirini na mbili za jasho lao zilikuwa ndani ya kuta zangu.

Tukapatana, tukaandika chini ya karatasi ileile. Kutoka katika dola 150 za pili, ujira wa vijana ungetoka kwanza, dola mbili kwa kila siku, mkononi mwao wenyewe na mbele ya fundi. Zilikuwa dola 88. Zilizobaki, dola 62, fundi angezipata baada ya kubomoa mistari sita ya juu na kuunganisha kuta kwa meno. Alifanya hivyo, na alifanya vizuri, ufundi anao. Lakini kabla ya paa alitoweka tena. Mvua ilikuwa imeanza, nasi tukafunika kuta kwa maturubai kwa majuma matatu, hadi fundi mwingine alipomalizia kwa fedha ya mwisho. Watoto walihamia katika vyumba vyao mwezi wa kumi.

Watu huniuliza kama nimemsamehe. Nimemsamehe, tunasalimiana mlangoni pa kanisa, nami humwuliza hali ya mtoto wake. Kazi nyingine sijampa. Msamaha hutolewa bure, lakini uaminifu hujengwa upya tofali kwa tofali, na mwenye kuujenga ni yeye.

Sasa nanyi, vijana wa Xaveri, wa Kizito-Anuarite na wa makundi yote. Wewe unayejifunza uashi au useremala, tenga mfuko wa amana na mfuko wako, hata kama mifuko yenyewe ni bahasha mbili tu. Ukichelewa, sema kabla hujatafutwa. Wewe unayebeba matofali, uliza kabla ya siku ya kwanza nani atakulipa na lini, na uandike siku zako katika daftari. Nawe utakayejenga kesho, lipa kwa hatua, na hakikisha mdogo kuliko wote katika kazi yako amepata chake.

Mkikutana, jadilianeni haya: Je, kuna fedha mkononi mwangu ambayo bado ni amana ya mtu? Je, kuna mtu aliyenifanyia kazi, nami namwambia kesho? Na aliyenivunjia neno, nimemwendea yeye mwenyewe kwanza, au nimeanza na majirani?