Okidi Si Maua ya Watu wa Karen

Kila nikimwambia mtu niko kwenye klabu ya okidi, napata jibu lile lile. Kwanza anacheka. Halafu anauliza, "Si hayo ni mambo ya wamama wa Karen?" Nimeulizwa hivyo kwa kinyozi, nimeulizwa kwa matatu, na binamu yangu alinitangaza mbele ya ukoo mzima ati nimeanza kuzeeka, na sijafika hata miaka ishirini na nne.

Sawa. Leo wacha tuongee mambo ya okidi, kwa sababu naona kuna kitu chetu tumekiachia watu wengine bila hata kujua ni chetu.

Naelewa mbona watu wanacheka. Okidi ambayo wengi wetu tumewahi kuona ni ile ya supamaketi. Majani mapana, shina moja refu, maua makubwa meupe au ya zambarau, imefungwa kwa karatasi ya kung'aa, na bei ya kukufanya uirudishe polepole kwa rafu. Iko kwa mapokezi ya hoteli, iko kwa meza ya bibi harusi. Hiyo inaitwa Phalaenopsis na asili yake ni huko Asia. Ukiwa umeiona hiyo pekee, lazima utasema okidi ni kitu cha kutoka nje na cha watu wenye pesa.

Lakini skiza. Kenya iko na zaidi ya aina 250 za okidi zake yenyewe. Ziko Kakamega, ziko Taita, ziko Shimba Hills, ziko Mlima Elgon. Kuna zinazoota chini kwa nyasi, na kuna zinazoishi juu ya matawi bila kuguza udongo hata siku moja. Na kuna zingine ziko hapa hapa Nairobi, juu ya miti mizee ambayo unapita chini yake kila asubuhi ukikimbilia steji.

Mimi sikuzijua kwa sababu ya kupenda maua. Nilizijua kwa sababu ya kazi. Klabu moja ndogo ya wapenzi wa okidi ilitafuta kijana wa kupiga picha maonyesho yao ya siku moja, nikapewa hiyo kazi. Nilipiga yale maua makubwa, ya rangi kali, yale unajua tu yatapendwa. Kwa kona ya meza kulikuwa na kipande cha gome la mti, na juu yake kimmea kidogo chenye maua meupe membamba. Nikakipiga picha moja nikaendelea.

Mzee mmoja akaniita. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kustaafu, na kila mtu kwa klabu anamwita Mwalimu tu. Akaniambia, "Kijana wangu, hiyo bado haijaanza kazi. Ngoja giza liingie."

Nilingoja kwa sababu hata hivyo nilikuwa nawasaidia kupanga viti. Saa mbili usiku ukumbi ulikuwa umeanza kunukia vizuri sana, harufu tamu ya kukufanya ugeuke kuangalia ni nani amepita. Hakuna mtu alikuwa amepita. Ilikuwa ni hicho kimmea cha kona.

Wengi wanakijua kwa jina la Rangaeris amaniensis. Hilo neno la pili linamaanisha "ya Amani", Amani ile ya milima ya Usambara kule Tanzania. Kiko na jina la Kiswahili ndani ya jina lake la kisayansi, na mimi nilikuwa nimekipita kama meza tupu.

Mwalimu akanionyesha nyuma ya ua. Kuna mrija mwembamba unaning'inia, mrefu kuliko kidole changu, na chini kabisa ndiko nekta iko. Nyuki hawezi kufika huko. Anayefika ni nondo mkubwa mwenye ulimi mrefu, na huyo anatembea usiku. Ndio maana ua ni jeupe, ili lionekane gizani, na ndio maana harufu inangoja jua liende.

Hii hadithi ya ua na ulimi mrefu iko na historia yake. Mwaka 1862 Charles Darwin aliandika juu ya okidi ya Madagascar yenye mrija wa karibu sentimita 30, akasema lazima kuna nondo mwenye ulimi wa kutoshea hapo. Hakuwahi kumwona. Darwin akafa mwaka 1882, na mwaka 1903 wanasayansi wakamwandika rasmi nondo huyo. Hapa kwetu, mtafiti Mkenya Dino Martins amefuatilia nondo wa aina hiyo wakitembelea okidi zetu. Na sio okidi tu. Nondo hao hao ndio wanachavusha mipapai. Kwa hivyo ukimaliza kichaka ambacho nondo anaishi, usishangae mkulima wa mapapai akilia.

Nilirudi mwezi uliofuata bila kamera. Sai nimemaliza miaka miwili.

Wacha niwaambie klabu inakaa aje, ndio msifikirie ni kofia kubwa na glasi za divai. Tunakutana Jumamosi moja kwa mwezi. Kuna chai, kuna mandazi. Kila mtu analeta mmea mmoja, uwe umechanua au unakufa, anauweka mezani. Wa kuchanua tunausifu. Wa kufa tunakaa nao zaidi. Mtu anaugeuza, anaangalia mizizi, anauliza maswali kama daktari: unaupa maji saa ngapi, upepo unapita, jua linapiga upande gani?

Hapo ndipo nimejifunza karibu kila kitu. Okidi ya mtini haitaki kuzikwa kwa udongo, itaoza. Unaifunga kwa gome kwa kipande cha stokingi kuukuu mpaka mizizi ishike yenyewe. Mizizi ikiwa kavu ina rangi ya fedha, na ukiinyunyizia maji inageuka kijani mbele ya macho yako, kwa hivyo mmea wenyewe unakuambia ukiwa na kiu. Maji ya mvua ni bora kuliko ya kisima yenye chumvi. Maji unaupa asubuhi, ndio usilale ukiwa umelowa. Na watu wengi wanaua okidi kwa kuipa maji mengi kuliko wanaoiua kwa kuisahau, jambo ambalo kwa kijana mwenye shughuli ni habari njema.

Kuna wale mtaniambia, "Bro, rent iko kwa shingo, unatuletea maua?" Swali ni la haki. Mimi mwenyewe nakaa bedsita, na balkoni yangu ni ya kutosha mtu mmoja na ndoo. Lakini mmea wangu wa kwanza nilipewa. Magome niliomba kwa jamaa wa mbao. Makaa ya kuweka kwa chungu ni yale vipande vidogo vinabaki chini ya gunia. Sisemi okidi italipa rent. Nasema haidai pesa nyingi venye watu wanadhani. Kitu inadai ni muda, na hapo ndipo kizazi chetu tunashindwa.

Angalia hii. Tunda moja la okidi linaweza kubeba maelfu ya mbegu, mengine hata zaidi ya milioni. Ni unga tu, unapeperuka ukipumua. Lakini mbegu yenyewe haina akiba ya chakula ndani yake. Kule msituni lazima ikutane na kuvu fulani wa kuilisha, la sivyo haioti. Mwaka 1922 mwanasayansi Mmarekani Lewis Knudson alionyesha kwamba unaweza kuiotesha kwa chupa safi yenye sukari bila hao kuvu, na njia hiyo ya chupa bado inatumika kuotesha mbegu za okidi. Hata hivyo, kutoka mbegu hadi ua la kwanza unaweza kungoja miaka mitatu, mitano, hata saba. Hakuna video ya sekunde thelathini hapo.

Sasa ile sehemu inanikera.

Okidi ikichukua miaka hiyo yote kukua, mtu anaing'oa kwa mti kwa dakika mbili. Kuna moja kubwa inaitwa Ansellia africana, wengine wanaiita okidi ya chui kwa sababu maua yake ni ya manjano yenye madoadoa ya kahawia. Inapenda Pwani na sehemu za joto. Mizizi yake mingine inasimama juu kama sindano, inatengeneza kikapu cha kushika majani yanayoanguka, halafu mmea unajilisha na hayo majani yakioza. Kundi kubwa limechukua miaka mingi sana kufika hapo. Hii okidi sai imewekwa kwa orodha ya dunia ya mimea iliyo hatarini, na sababu moja kubwa ni watu kuing'oa kuiuza.

Mwaka jana jamaa fulani aliona picha zangu akanitumia ujumbe. Alitaka makundi ishirini ya okidi ya chui, makubwa, yaliyokomaa, ya kupamba bustani ya nyumba ya wageni. Alisema hajali zinatoka wapi. Pesa aliyotaja ilikuwa rent yangu ya miezi kadhaa, sitawadanganya, niliisoma mara mbili. Halafu nikamwambia hapana. Mimea ishirini iliyokomaa, ya haraka, haitoki kwa kitalu. Hiyo inatoka msituni, na mtu wa msumeno.

Na sina shida na yule mtu wa kijijini anaing'oa. Huyo anatafuta unga. Shida yangu ni mwenye bustani anayejua kabisa na anasema hajali. Kama unataka okidi, uliza muuzaji aliizalisha aje. Kama hana jibu, wacha. Na kumbuka familia nzima ya okidi iko chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES, kwa hivyo kuivusha mpaka bila vibali ni kujitafutia kesi.

Njia yetu ni ingine. Mtaa mmoja kulikuwa na ploti yenye mjakaranda mzee. Ikauzwa, zikaja gorofa. Siku mti unaangushwa, watu wetu wanne walikuwa wameongea na mwenye ploti wakaruhusiwa kuingia. Matawi yakiwa chini tukapita moja moja tukitoa okidi kwa kisu, pamoja na gome lake. Nyuma yetu lori lilikuwa linapakia kuni. Tulitoa mimea thelathini na moja. Zingine zilikuwa zimepondwa, hakuna kitu ungefanya.

Jioni tukazigawa. Nikamuuliza Mwalimu mbona asichukue zote yeye, ndiye anazijua kutuliko. Akanijibu, "Mmea ukikaa kwa mtu mmoja, ni ugonjwa mmoja tu na umekwisha."

Na hayo hakuyatoa kwa kitabu. Kuna okidi yake ya kwanza kabisa, aliyoitunza tangu akifundisha, iliyooza msimu wa mvua nyingi. Ikaisha yote. Lakini miaka mingi nyuma alikuwa amemkatia kipande muuguzi mmoja wa klabu. Yule mama akaja na chungu Jumamosi iliyofuata, akakata nusu, akamrudishia. Mzee alishindwa kuongea. Mimi hapo ndipo nilielewa klabu ni ya nini. Chai na mandazi ni nzuri, lakini kazi yenyewe ni kuhakikisha hakuna kitu kimebaki kimoja tu duniani, na ukikosa wewe, mwenzako anacho.

Sasa niwaambie kitu kinachoninyima usingizi. Kwa klabu yetu, walio chini ya miaka thelathini ni watatu. Watatu! Mwalimu magoti yanamuuma, hawezi tena kupanda ngazi. Ana daftari la miaka mingi, kila mmea na tarehe ulichanua, mwandiko ambao ni yeye tu anausoma. Mimi na wenzangu tumeanza kukaa naye tukimrekodi akitusomea, ukurasa kwa ukurasa. Tumefika karibu nusu.

Na msiniambie okidi ni za wazee. Mnajua vanila ni okidi? Asili yake ni Meksiko, na ilipopelekwa visiwa vya Bahari ya Hindi ilikuwa inachanua bila kuzaa, kwa sababu hakukuwa na mdudu wa kuichavusha. Wasomi walihangaika. Mwaka 1841, kule Réunion, mtoto mtumwa wa miaka 12 anayeitwa Edmond Albius akatumia kijiti na kidole gumba akaichavusha kwa sekunde chache. Mpaka leo wakulima wa vanila wanafanya hivyo hivyo, hata Uganda hapa jirani. Yeye alikufa maskini mwaka 1880. Kila aiskrimu ya vanila ya kweli umewahi kula, ni mkono wa huyo mtoto.

Kwa hivyo sikuombi ununue kitu. Ukienda steji kesho, inua kichwa uangalie matawi ya ule mti mzee. Ukiona majani manene yamejipanga pande mbili, na mizizi ya rangi ya fedha imekumbatia gome, usipande kuitoa. Iko kwake. Jua tu iko, na uwaambie wengine, ndio siku ya msumeno kuwe na mtu wa kuuliza. Na kama kuna klabu karibu na wewe, enda Jumamosi moja. Utapewa chai, utaulizwa balkoni yako inaangalia upande gani, na kuna uwezekano mkubwa utarudi nyumbani na kipande cha mmea wa mtu.

Ukipewa, ukikua, ukate na wewe umpe mwingine.