Safari ya Mwalimu

Wako walimu huko Indiana, Marekani, ambao hulipwa ili waburudishe akili zao. Tangu 1987 mfuko wa Lilly Endowment huwapa baadhi yao ruzuku, ambayo miaka ya karibuni imezidi dola 10,000, wafuate walitamanilo wenyewe: kusafiri, kuchora, kuandika. Mwombaji ndiye abuniye safari. Kusudi ni arudi darasani na moyo mpya.

Sikuona anasa hapo, ndugu msomaji. Mama yangu alifundisha historia miaka 31, na safari zake zote zilikuwa za uhamisho, sisi watoto tukiwa juu ya magunia katika lori. Nilipomsimulia habari hizi hakuuliza fedha. Alinyamaza kitambo, kisha akasema yeye angeomba kwenda Kilwa Kisiwani, akauone ule msikiti aliowachorea wanafunzi ubaoni.