Viatu vya Mwakinyo

Jumamosi ya Septemba 8, 2018, Hassan Mwakinyo alimpiga Sam Eggington raundi ya pili kule Birmingham, kwao Mwingereza, katika pambano aliloitwa kuziba nafasi tu. Habari ilifika Masukulu asubuhi kwa simu, na kabla chai haijaiva babu alikuwa ameshamwingiza kwenye ukoo.

"Mwa-kinyo," alisema, akiitenga ile Mwa kwa kidole hewani. "Huyu ni wetu."

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na nilijua kila kitu. Nikamwambia Mwakinyo ni wa Tanga, na Wadigo wa Tanga na Kwale nao wana akina Mwa wao, si Wanyakyusa peke yetu.

"Basi walihama," babu akajibu, akaendelea na kiazi chake.

Wiki ile hakuna aliyetaka kusikia habari za Tanga. Mimi mwenyewe nilikuwa nasema "tumempiga Mwingereza". Sijawahi kupigana hata shule ya msingi.

Septemba 3, 2022 nilikuwa nyumbani tena. Tulijazana kibanda umiza kumwangalia akizichapa na Liam Smith mjini Liverpool, nyumbani kwa Smith. Babu alivaa koti lake la kanisani. Raundi ya nne Mwakinyo akapiga goti, mwamuzi akamaliza pambano.

"Wa Tanga huyo," mtu akasema nyuma, na kibanda kizima kikacheka. Tumempiga, amepigwa: hata kiambishi kilishamkimbia.

Aliposema kifundo cha mguu kilimuuma na viatu vilimbana, mitandaoni ikawa sherehe. Nami nikaweka kwenye status picha ya kiatu cha mdogo wangu wa chekechea: "Saizi ya Mwakinyo". Haijawahi kutazamwa status yangu kama ile. (Bado naona hadithi ya viatu ilikuwa dhaifu. Shabiki ana haki ya kukasirika.)

Sijui nani alimwonyesha babu. Usiku, tukiwa tunakula, alisema tu, "Ngumi alikula yeye. Sisi tulikula karanga."

Sikuifuta. Ilikuwa inapata watu.

Nilipopata nafasi ya shahada ya uzamili, majirani walinichangia nauli. Kanisani nilisimamishwa mbele, mtoto wetu huyu, mtoto wa Masukulu. Muhula wa kwanza nikafeli takwimu. Wiki tatu sikupokea simu ya nyumbani. Nilikuwa natunga maelezo: umeme ulikatika, kompyuta iliharibika, mhadhiri alikuwa na haraka. Kila moja lilikuwa na ukweli kiasi. Nilikuwa nikiyapanga kitandani usiku nikijiuliza nani atakuwa wa kwanza kusema kwamba, kwa kweli, mama yangu si mtu wa Masukulu, alitoka Kyela.

Siku nilipopiga, babu ndiye aliyepokea.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Ulipotelea wapi?"

Nikamwambia yote kwa pumzi moja, na umeme, na kompyuta. Kimya. Nikasikia redio yake na mvua kwenye bati.

"Viatu vilikubana?"

"Vilinibana, babu."

Akacheka hadi akakohoa. Akauliza mtihani wa marudio ni lini, nikamtajia tarehe, akaniambia niseme polepole aiandike. Halafu akasema upepo umeangusha parachichi nyingi, je, huku mjini linauzwa bei gani moja?