Je, Kizuri Chajiuza?

Ndugu msomaji, wazee wetu walisema: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Maana yake ni kwamba kitu chema hakihitaji kupigiwa kelele. Wafanyabiashara nao wana msemo wao. Wao husema: Biashara ni matangazo. Misemo hii miwili inagongana. Tufuate upi? Kwa mkulima wa bonde la Kilombero, hili si swali la maneno tu. Ni swali la fedha ya dawa na sare za watoto.

Mimi ni ofisa wa elimu ya watu wazima. Kazi yangu ni kutembelea madarasa ya kisomo katika vijiji vya karibu na Ifakara. Darasa moja lina wanakisomo 22. Wengi wao ni akina mama. Wana shamba la pamoja la mpunga. Mwaka jana hawakuuza mpunga wao wakati wa mavuno. Waliweka magunia 30 ghalani. Walitaka kukoboa na kuuza mchele wenyewe.

Walikuwa na sababu. Katika bonde letu mpunga ni mwingi. Wengi hupanda Supa, kwa kuwa mchele wake hunukia. Wengine hupanda Saro 5, mbegu iliyotolewa na watafiti mwaka 2002, ambayo huzaa sana. Mavuno yakianza, kila mtu anauza kwa wakati mmoja. Bei inashuka. Wanunuzi wanakuja na malori yao, na wao ndio wanaotaja bei. Baadhi yao hudai lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi. Lumbesa imekatazwa na sheria. Lakini mtu mwenye shida ya fedha hukubali, kisha hunung'unika usiku.

Basi mpunga ulikuwapo ghalani. Lakini ni nani aliyejua kwamba upo? Kijana mmoja wa darasa alisema, "Mwalimu, tutangaze kwenye makundi ya simu." Alikuwa na maana ya yale makundi ya WhatsApp ambayo vijana huyaita magrupu.

Mzee mmoja alipinga. Alisema, "Mwanangu, mchele wetu ni mzuri. Atakayeuonja atarudi. Ukipiga kelele kwa watu usiowajua, unawaita na wezi."

Mama mmoja akamjibu, "Shikamoo mzee. Maneno yako ni kweli. Lakini mtu aliyeko Temeke atauonjaje mchele ulioko ghalani kwetu?"

Darasa likacheka, lakini jambo lilikuwa gumu. Wote wawili walisema kweli. Nikawaambia tusiamue siku ile. Tulilifanya somo la wiki nzima.

Kwanza tulijiuliza kundi la simu ni kitu gani. Wazee walikumbuka mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikusanyika vijijini katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Kundi la simu linafanana na vikundi vile, kwa sababu watu wa mbali husikia habari moja. Lakini lina tofauti kubwa. Katika kikundi cha redio, kila uliyezungumza naye alikuwa jirani yako. Katika simu, kila mtu anaweza kusema, na huoni uso wake.

Pia makundi hayalingani. Yako mabaraza makubwa kama JamiiForums, lililoanza mwaka 2006, ambalo husomwa na watu wa nchi nzima. Liko kundi la watu wa Ifakara wanaoishi Dar es Salaam. Liko kundi la kwaya. Liko kundi la kuzikana. Tulikubaliana kwamba kundi la kuzikana si soko. Watu wamekutana pale kwa ajili ya msiba. Ukiingiza bei ya mchele kati ya rambirambi, utachukiwa wewe na mchele wako. Kila kundi ni nyumba ya watu. Piga hodi kwanza. Muulize kiongozi wake kama matangazo yanaruhusiwa.

Pili, tulihesabu tulicho nacho. Hili lilikuwa somo zuri la hesabu. Gunia la kilo 100 za mpunga, mashine ikiwa nzuri, hutoa kilo 60 hivi za mchele. Magunia 30 yatatoa kilo 1,800. Wanakisomo walitaka kubakiza kilo 300 za chakula. Zilizobaki ni kilo 1,500. Sasa fikiria tungeandika, "Mchele upo wa kutosha." Akija mwenye hoteli anayetaka tani 5, yaani kilo 5,000, tungemjibu nini? Tangazo ni ahadi. Usiahidi usichonacho.

Tatu, tulisema ukweli kuhusu mchele wenyewe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mnunuzi. Ukiandika Supa na kuchanganya na Saro, umevunja sheria. Hata kama hakuna atakayekushtaki, mpishi atajua sufuria itakapofunikuliwa.

Mwisho darasa liliamua. Tutatangaza, lakini si kila mahali. Tutaanza na kundi moja tu, lile la watu wa Ifakara wanaoishi Dar es Salaam. Wale wanalijua bonde. Wana ndugu huku. Tukiwadanganya, mama zao watakuja kutuuliza. Wakitudanganya, nasi tunajua kwao.

Tangazo liliandikwa ubaoni na wanakisomo wenyewe. Lilisomeka hivi:

"Hodi ndugu zetu. Tuna mchele Supa, kilo 1,500 tu. Umekobolewa wiki hii. Una chenga kidogo. Kilo moja ni shilingi 2,200. Nauli ya mzigo ni ya mnunuzi. Tunapakia tukishapata malipo. Sisi ni kikundi cha wanakisomo."

Mzee yule aliuliza kwa nini tutaje chenga. Akina mama wakamjibu, "Ili asizitaje yeye."

Wateja walikuja, mmoja mmoja. Lakini siku ya tisa akaja mtu ambaye hakuna aliyemfahamu. Alitaka kilo 200. Baada ya muda mfupi simu ya kikundi ikalia. Ujumbe ulisema kikundi kimepokea shilingi 440,000. Vijana walifurahi. Walianza kupakia magunia kwenye pikipiki ili yawahi basi.

Mweka hazina akasema, "Ngojeni nisome." Mama huyu ana miaka 58. Miaka miwili iliyopita alikuwa anaweka dole gumba mahali pa sahihi. Alisoma polepole, neno kwa neno, huku vijana wanasimama kwa haraka zao. Kisha akasema, "Ujumbe huu umetoka kwenye namba ya mtu. Ujumbe wa malipo huja kwa jina la huduma." Akaangalia salio. Halikuongezeka hata shilingi moja. Magunia yakashushwa. Namba ile ikatumwa kwa 15040, ambayo ni namba ya kuripoti matapeli wa simu.

Tangu siku hiyo kikundi kina kanuni: salio kwanza, mzigo baadaye. Na namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote, hata akijiita ofisa wa kampuni ya simu.

Halikuwa tatizo pekee. Mnunuzi mmoja aliandika mbele ya kundi zima kwamba amekuta mawe. Vijana walitaka kumjibu kwa ukali. Wazee wakakataa. Walimwomba radhi mbele ya watu wale wale, wakampelekea kilo 10 bila malipo, na mchele uliobaki ukapepetwa upya. Ukitangaza hadharani, utalaumiwa hadharani. Anayeogopa hilo asitangaze.

Baada ya wiki sita, kilo 900 zilikuwa zimeuzwa kwa njia ya simu. Kilo 600 ziliuzwa sokoni Ifakara, kwa wateja wa kawaida. Hakuna aliyetajirika. Lakini safari hii wakulima ndio waliotaja bei.

Ndugu msomaji, turudi kwenye misemo yetu. Kizuri chajiuza kwa yule anayekiona. Aliye mbali lazima aonyeshwe, na hiyo ndiyo kazi ya tangazo. Lakini tangazo huuza gunia la kwanza tu. Gunia la pili huuzwa na mchele wenyewe. Kwa hiyo kabla ya kutangaza, hesabu ulicho nacho, chagua utakaowaambia, na jifunze kusoma kila kinachoingia katika simu yako kabla ya kufungua ghala.

Maswali ya kujadili

1. Katika kijiji chenu mnauza nini? Ni nani aliye mbali ambaye angependa kukinunua?
2. Ni kundi gani la simu ambalo halifai kwa matangazo? Kwa nini?
3. Mweka hazina alijuaje kwamba ujumbe ule ni wa uongo?
4. Andikeni tangazo la bidhaa yenu kwa sentensi tano. Someni kila sentensi na kuuliza: Je, hii ni kweli?